NYOTA ZIKIKUTANA
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa reli, Kisumu



Tumepewa nafasi ndogo ya kusema, nasi tutasema juu ya nyota. Twajua wengine mnacheka. Lakini mwezi uliopita, habari ya kupunguzwa kazi ilipovuma katika yadi, wenzetu wawili walikwenda kwa mnajimu. Kila mmoja alitoa shilingi 3,000, na mmoja wao hajalipa ada ya chama miezi minne. Wakaambiwa nyota zao zimeingia nyumba mbaya, wakae kimya, wasigombane na mkubwa yeyote mpaka mwezi uandame mara tatu. Siku ya mkutano hawakuja. Majina yao hatuyataji, maana hatukusudii kumwaibisha mtu. Twataka kupima shauri walilopewa.

Tutazame mwaka 1962. Tarehe 5 Februari mwaka ule, jua, mwezi, na zile sayari tano ambazo mtu huziona kwa macho yake, yaani Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, zilikuwa zimekusanyika upande mmoja wa mbingu, na zaidi ya hayo jua likapatwa. Wanajimu wa Bara Hindi walikuwa wametangaza kwamba maangamizi makubwa yanakuja. Watu wengi mno wakakusanyika kuomba na kuwasha mioto ya sadaka. Siku ikapita, na kesho yake jua likatoka kama kawaida. Lakini mwezi wa Oktoba vita vikatokea kati ya India na China, na kila aliyetaka kusema, "Si tuliwaambia?" akapata nafasi yake. Utabiri ulio mpana kama ziwa haukosi samaki hata mmoja. Vita vile vilikuwa na sababu yake, nayo ni mpaka ambao serikali zile mbili zilikuwa zikiugombania tangu zamani.

Na huku kwetu je? Mvua kubwa ilianza mwishoni mwa mwaka 1961, baada ya ukame, na wazee mpaka leo huiita mvua ya Uhuru. Ziwa likapanda, likaendelea kupanda hata mwaka 1964, zaidi ya mita mbili. Tena 1962 ulikuwa mwaka wa migomo, zaidi ya 200 katika Kenya nzima. Mtu angeweza kuunganisha yote akasema, hizo ndizo sayari. Sisi twasema ziwa hili hupata maji yake mengi kutoka katika mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, kuliko mito yote ikiwekwa pamoja. Mvua ikizidi, ziwa hupanda, kama lilivyopanda tena mwaka 2020 na watu wengi wa kandokando ya ziwa wakahama nyumba zao. Na migomo ililetwa na mishahara, na bei za vitu, na hofu ya kila mtu kwamba Mwingereza akiondoka yeye atasimama wapi. Mwezi wa Oktoba 1962 serikali, waajiri na Shirikisho la Wafanyakazi walitia sahihi Mkataba wa Uhusiano wa Viwandani. Waziri wa Kazi wakati ule alikuwa Tom Mboya, ambaye kwao ni Rusinga hapa ziwani. Mkataba ule haukushuka kutoka mbinguni. Watu waliketi mezani, na walioketi upande wetu walikuwa na hesabu mikononi.

Hata hivyo hatumdharau mnajimu kabisa. Ana tabia moja ambayo sisi hatuna: anaandika. Ana vitabu vya mwendo wa kila sayari, na hatoi neno kwa kutazama nyota moja tu. Hutazama jinsi zinavyosimama zote pamoja. Tabia hiyo ingefaa sana katika reli.

Wazee wachache waliobaki, waliofanya kazi East African Railways, wanaweza kuwaambieni habari ya mwaka 1977. Jumuiya ilipovunjika, wengine waliona kama radi imepiga mahali pasipo na wingu. Lakini mawingu yalikuwako. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alipindua serikali ya Uganda, Mwalimu Nyerere akakataa kuketi naye, na baraza la marais watatu halikukutana tena. Nchi zikaanza kufungia fedha zake zisivuke mpaka. Halafu fedha za reli zilizokusanywa nje ya Kenya zikawa hazifiki makao makuu Nairobi. Karani wa mapato aliweza kuona jambo moja, fundi anayengoja vipuri akaona jingine, na msoma gazeti akaona la tatu. Nyota tatu zilikuwa zimekutana nyumba moja, na kila mtu alikuwa na yake mfukoni. Reli ikagawanywa, watu wakarudi kwao na masanduku yao, na wengine walidai malipo yao ya Jumuiya kwa miaka mingi baadaye.

Basi tumenunua daftari, nalo liko kwa katibu. Twataka liandikwe kila wiki: mabehewa yaliyoingia na yaliyotoka, saa za ovataimu, mataruma na vipuri vilivyoagizwa visije, nafasi za waliostaafu zilizojazwa na zisizojazwa. Bei ya unga pia iandikwe, maana hiyo ni sayari inayozunguka karibu sana nasi.

Gadi mmoja amekwisha kuandika ukurasa wa kwanza. Nafasi tatu za waliostaafu hazijajazwa, na ovataimu imekatwa tangu mwezi wa pili. Kwa mambo hayo mawili hatuwezi bado kusema ni kupunguzwa kazi au ni uzembe wa ofisi tu. Twahitaji hesabu ya mabehewa ya miezi sita, nayo wanayo watu wa zamu ya usiku.

Tena tuseme wazi. Anayeshika kitabu cha mabehewa usiku ni mmoja wa wale wenzetu wawili walioambiwa wakae kimya. Mkutano ni Jumamosi ijayo, saa nane mchana. Twamngoja.