Kisukari na Miguu: Usione Haya Kushika Magongo

Leo tunazungumza nawe uliye na ugonjwa wa kisukari, na pia nawe unayemtunza mwenye kisukari nyumbani. Mada yetu ni miguu.

Hebu tumfikirie mama mmoja anayeuza mboga sokoni. Ana kisukari kwa miaka 10 sasa. Siku moja msumari wa akala zake unachomoza na kumdunga unyayoni. Hahisi kitu. Jioni akivua akala anaona damu, wala hajui imetoka wapi. Anaenda zahanati, anasafishwa kidonda, anafungwa bendeji na kupewa dawa. Anazimeza zote kama alivyoagizwa. Lakini miezi 3 inapita na kidonda hakijafunga.

"Sista, hizi dawa hazinisaidii," analalamika.

"Mama, kwa siku unasimama kwa muda gani?" muuguzi anamwuliza.

"Tangu alfajiri mpaka jioni."

Msikilizaji, hapo ndipo penye shida. Sukari ikikaa juu katika damu kwa muda mrefu, huharibu neva zinazopeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Huharibu pia mishipa ya damu, hata damu ikafika miguuni kwa uchache na kidonda kikachelewa kupona. Mtu asiye na kisukari akiumia unyayo huchechemea, kwa sababu maumivu yanamkataza kuukanyaga. Mwenye kisukari hana mlinzi huyo. Akitembea hatua 3,000 kwa siku, kidonda chake kinakandamizwa mara 1,500. Dawa gani itashinda hapo?

Kwa hivyo, kuuondolea mguu uzito ni sehemu ya matibabu. Hospitalini unaweza kufungwa plasta maalum au kupewa kiatu maalum kinachozuia kidonda kisikanyagwe. Unaweza pia kupewa magongo, fremu ya kutembelea au kiti cha magurudumu. Wengi hukataa. Husema, "Watu wataniona kilema." Lakini kati ya wagonjwa 100 wa kisukari wanaokatwa mguu, takriban 85 walianza na kidonda tu. Je, ni afadhali kushika magongo kwa miezi michache, au kupoteza mguu maisha yako yote?

Ukipewa magongo, zingatia haya:

Kwanza, yapimwe kwa kimo chako. Ukisimama wima, pawe na nafasi ya vidole 2 au 3 kati ya kwapa na gongo. Uzito ubebwe na mikono, si makwapa.

Pili, hakikisha mipira ya chini haijaisha, usije ukateleza.

Tatu, kama miguu yote miwili imekufa ganzi na unayumba, omba fremu, kwa maana magongo yanaweza kukuangusha.

Nne, ule mguu mzima sasa unabeba kazi ya miwili. Ukague kila siku, usije nao ukapata kidonda.

Na wewe ambaye bado huna kidonda, jilinde. Kila jioni tazama nyayo zako na katikati ya vidole. Kama huwezi kuinama, tumia kioo au mwite mtoto akuangalilie. Osha miguu na uikaushe vizuri. Usitembee pekupeku, hata ndani ya nyumba. Kabla ya kuvaa kiatu, ingiza mkono ndani uone kama kuna msumari au kijiwe. Usikande miguu kwa maji moto, kwa maana utaungua bila kujua. Usikate sugu kwa wembe.

Ukiona uvimbe, wekundu, usaha, harufu mbaya au ngozi inayogeuka nyeusi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje maumivu. Huenda yasije. Hata mguu ukivimba na kuwa moto bila kidonda chochote, acha kuukanyaga na umwone daktari, kwa maana mifupa yenyewe inaweza kuwa inavunjika.

Na wewe ambaye tayari umekatwa mguu, maisha hayajaisha. Uliza hospitalini kuhusu mguu wa bandia na mazoezi ya kuutumia. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husaidia watu waliosajiliwa kupata vifaa vya kutembelea.

Tukirudi kwa yule mama wa sokoni: anaweza kuketi kwenye kiti kirefu na kuuza mboga akiwa ameinua mguu, naye binti yake akambebea magunia. Jamaa na majirani, tusimcheke mtu akitokea na magongo. Tumpishe njia na tumsaidie mzigo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, itazame miguu yako.