Neno la Wanakwaya: Msimu wa Matamasha


Matamasha yetu yanaanza Majilio, nasi tumeamua kuimba “Haleluya” ya Handel kwa sauti zote nne. Ni sehemu ya Messiah, utungo ulioimbwa hadharani mara ya kwanza Dublin mwaka wa 1742, kuchangia wagonjwa na wafungwa wa madeni. Sadaka yetu nayo itaenda kwa karo.

Soprano wako tayari, na wanajua hivyo! Shida ni besi. Wamebaki watatu, na mmoja hufanya kazi zamu ya usiku. Akina baba mnaonguruma vizuri pale viti vya nyuma, tunawasikia kila Jumapili. Solfa tutawafundisha. Mazoezi ni Jumamosi saa tisa alasiri, na chai ipo.