Kidonge cha Lehemu na Usingizi

Unameza kidonge cha kupunguza lehemu, halafu saa nane usiku uko macho, unahesabu misumari ya bati. Ni dawa? Inawezekana. Kukosa usingizi na ndoto za kutisha vimetajwa kwenye karatasi za maelezo za dawa za lehemu, simvastatini na atorvastatini, ingawa majaribio mengi yaliyolinganisha dawa hizi na kidonge kisicho na dawa hayakuona tofauti kubwa. Usiache ghafla, kidonge hicho kinakukinga na kiharusi. Mpelekee daktari pakiti yako. Atorvastatini hufanya kazi mchana kutwa na usiku kucha, hivyo anaweza kukuhamishia asubuhi. Simvastatini humezwa jioni kwa kuwa ini hutengeneza lehemu zaidi usiku. Na ile chai ya rangi ya saa tatu usiku, mzee wangu, nayo mtajie.