Plagi ya moto si ya kuzoea



Katika nyumba zetu nyingi za kupanga, chumba kina soketi moja tu. Hapo huchomekwa ekstensheni, na kwenye ekstensheni hiyo birika, pasi, redio na friji. Mtu akigusa plagi akakuta inaunguza vidole, humwambia jirani, "Leo umeme una nguvu." Sivyo hata kidogo.

Plagi hizi za miguu mitatu tulizorithi kwa Waingereza zimetengenezwa kubeba ampea 13. Kwa umeme wetu wa volti 230, hiyo ni kama wati 3,000. Birika peke yake laweza kula wati 2,000, na pasi 1,000 au zaidi. Vikiwashwa pamoja, soketi imekwisha kufika mwisho wa uwezo wake, na friji bado.

Wengi watasema: si kuna fyuzi ndani ya plagi? Itakatika. (Wale waliofunga kipande cha waya badala ya fyuzi, leo sina la kuwaambia.) Lakini fyuzi inapima umeme unaopita, haijui kama soketi imelegea. Ndani ya soketi mna vibanio vya shaba vinavyoshika miguu ya plagi. Vikilegea kwa uzee, au kwa mtindo wetu wa kuchokonoa tundu la juu kwa kijiti ili plagi ya miguu miwili iingie, umeme hupita mahali padogo na hapo ndipo panapochemka. Joto hulegeza vibanio, na vikilegea joto huzidi. Umeme ukiwa maradufu, joto huwa mara nne. Soketi yaweza kuyeyuka huku fyuzi ikiwa nzima kabisa.

Kwa hiyo ukiona rangi ya kahawia kwenye matundu, ukisikia mlio wa kukwaruza au harufu ya plastiki inayoungua, zima kwenye swichi kuu na umwite fundi. Kununua plagi mpya na kuichomeka kwenye soketi ile ile iliyoungua ni kupoteza fedha; nayo itaungua.

Na nani alipe? Soketi ya ukutani ni mali ya mwenye nyumba. Najua wapangaji wengi hunyamaza kwa kuogopa kupandishiwa kodi. Lakini moto ukianza chumba cha kwanza hauulizi cha sita kimepangwa na nani. Mwendeeni pamoja, wapangaji wote, mkiwa na soketi ile iliyoungua mkononi, baada ya fundi kuing'oa.