KUZISOMA HATI ZA MIRATHI KATIKA KUTAFUTA NASABA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. 

Vijana wengi hapa Bujumbura wanatafuta habari za babu zao. Jambo hili ni jema, kwani Mtume wetu (S.A.W.) ametuamuru tujifunze nasaba ili tuweze kuunga jamaa zetu. Wengi wa wazee wetu walifika ufukoni mwa ziwa hili pamoja na misafara, kwa njia ya Tabora na Ujiji. Wengine wakarejea pwani wakafia huko. Kwa hiyo huenda habari zao zikapatikana katika hati za mirathi, kama zile zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa huko Kilimani, Unguja. Lakini hati hizo zina kanuni zake, na asiyezijua aweza kumkana ndugu yake wa damu.

Kwanza, tazama tarehe. Mwaka wa Hijra ni mfupi kuliko wa Miladi kwa siku kama 11. Mwaka 1318 wa Hijra ulianza karibu na Mei 1900. Basi usichanganye hisabu mbili ukamzaa mtoto kabla ya baba yake.

Pili, tazama mafungu. Hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi moja, ndipo warithi hugawana. Tuchukue mfano: mtu ameacha rupia 720, na warithi wake ni mke, mama, mwana na binti. Mke hupata thumni, rupia 90. Mama sudusi, rupia 120. Mwana 340 na binti 170. Sasa tuseme karatasi imeliwa na mchwa, limebaki jina la mke na fungu lake tu. Thumni hiyo yatosha kukujulisha kwamba marehemu aliacha mtoto, au mjukuu kwa mwanawe wa kiume, mwenye haki ya kurithi. Lau angepata robo, ungejua kwamba hakuwapo mrithi wa namna hiyo. Na wake wakiwa wawili, thumni ile ile hugawanywa baina yao.

Tatu, na hili ndilo kubwa, wakumbuke wasioandikwa. Mjukuu aliyefiwa na baba yake huzuiliwa na ami yake aliye hai. Watoto wa binti hawapati fungu panapokuwa na wana. Mke aliyeachwa na eda yake ikaisha hayumo. Jamaa asiye Mwislamu harithi, na mtoto aliyekufa kabla ya baba yake hatajwi. Wote hawa ni jamaa, na hati imewanyamazia. Kadhi aliulizwa nani anarithi. Hakuulizwa nani ni ndugu. Basi asije mtu akasimama mbele ya mwenzake na karatasi mkononi akasema, "Jina la bibi yako halimo, wewe si wetu." Huo ni udhalimu, na kukata jamaa ni dhambi kubwa.

Nne, huenda ukamkuta mrithi asiye ndugu. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Kwa sheria, bwana aliyemwacha huru mtumwa wake, au wana wa bwana huyo, waliweza kumrithi mtu huyo ikiwa hakuacha asaba wa damu. Ukiliona jina la ukoo mkubwa wa pwani katika hati ya babu yako, usikimbilie kujinasibisha nao. Huenda babu alitoka Manyema, akachukuliwa, na wazazi wake hawakuandikwa popote. Hapana aibu katika hayo. Mbele ya Mwenyezi Mungu mbora wetu ni mchamngu. Kujidai nasaba isiyo yako ndiko kulikokatazwa.

Basi soma hati, kisha nenda kwa wazee uwaulize walio nje ya hati, uandike majina yao pamoja na yale ya kadhi, ukitaja kila habari umeipata kwa nani. Wazee hao wanapungua kila mwaka.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atuunganishe sisi tuliobaki. Amin. Wabillahi tawfiq.