Nyumba ya Familia na Deni la Mmoja



Katika jumuiya zetu tumeona familia zikibishiwa hodi na dalali mwenye karatasi ya mnada. Mara nyingi mke ndiye wa mwisho kujua kwamba hatimiliki iliwekwa rehani.

Tukiri kwanza kwamba deni la haki sharti lilipwe. Kuandikisha shamba kwa jina la shemeji baada ya kudaiwa ni udanganyifu, nayo mahakama yaweza kuutengua. Kinga halali imo katika sheria yenyewe.

Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 yataka idhini ya mwenzi kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani. Malipo yakikwama, mkopeshaji sharti atoe ilani ya muda usiopungua miezi 3. Kisha, kabla ya kuuza, atoe ilani nyingine ya siku 40, na mwenzi aliyeridhia apewe nakala. Tena hana ruhusa ya kuitupa nyumba kwa bei yoyote. Alazimika kutafuta bei bora ipatikanayo.

Basi barua ya benki isifichwe chini ya godoro. Tuisome sote wawili mezani, kisha twende pamoja kuomba mpango mpya wa malipo wakati siku zingalipo.

Nasi tukiletewa karatasi ya kutia sahihi, tuulize: ni kiasi gani, cha kazi gani, nacho kitalipwaje? Tusipojibiwa, tuiweke kalamu chini.