Pawa isiyotoa oili: ipime kwa katoni kabla ya kuusogelea mti

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa vikundi vya vijana wanaokata miti Kibera na Kawangware

 

Nianze kwa kukiri kwamba mimi si fundi. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu kaunti ni kuandika. Lakini msimu uliopita nilifuatana na kikundi kimoja nikiwa na kamera, nikaona jambo ambalo sikulielewa hadi fundi wa jua kali aliponifafanulia. Huyu hapa kando yangu. Nikiteleza, atanikosoa.

Mnajua huku kwetu mti hauangukii shambani. Iwe ni Lindi, Kianda au Gatina, unaangukia bati, na chini ya bati kuna watu. Mvua ya Aprili na Mei 2024 hakuna aliyeisahau. Kwa hiyo kabla ya masika, mwenye nyumba anatafuta kijana mwenye pawa, yaani msumeno wa injini, amkatie tawi. Kijana naye mara nyingi amekodi pawa hiyo kwa siku, na hajui aliyeitumia jana aliiwekea nini.

Siku ile tawi lilikuwa la mkaratusi, limeinamia nyumba za kupanga. Walipofika katikati, pawa ikaanza kufuka moshi na cheni ikalegea. Kijana akaikaza palepale ikiwa moto, akaongeza petroli na kusukuma kwa nguvu. Muda si muda cheni ikaruka kutoka kwenye baa. (Nasema baa ile ya chuma inayobeba cheni, si zile mnazozijua za Kawangware.) Ilimchana jaketi tu. Wapangaji walikuwa wameshatolewa nje, na nje wakabaki na watoto wao hadi jioni, tawi likining'inia nusu juu ya paa, huku vijana wakitafuta pawa nyingine.

Kila mtu pale alisema cheni ni butu. Mwingine akasema ni mbovu. Fundi aliitazama mara moja, akafungua tangi la oili, akatuonyesha: limejaa. Petroli ilikuwa imekwisha, oili haijapungua hata kidogo. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ninayotaka mwende nayo nyumbani. Katika pawa nyingi, tangi moja la petroli hutumia karibu tangi zima la oili. Ukijaza petroli na oili bado iko juu, cheni inakimbia kavu, na inakimbia takribani mita 20 kwa sekunde. Chuma kikisuguana hivyo kinapata moto, kinatanuka, cheni inalegea. Ukiikaza ikiwa moto, ikipoa inajibana na kuharibu baa, hata injini.

Kipimo chenyewe hakigharimu kitu. Chukua kipande cha katoni safi, kilaze chini. Washa pawa, elekeza ncha ya baa kwenye katoni kwa umbali wa sentimita 20 hivi bila kugusa, uvute mafuta robo tatu. Ndani ya dakika moja unapaswa kuona mstari wa oili kwenye katoni. Usipouona, usikate chochote, hata tawi la mkono mmoja.

Sasa zima injini, subiri baa ipoe, vaa glavu. Fungua kifuniko cha pembeni, toa cheni na baa. Mara nyingi tatizo liko hapo hapo mbele ya macho: unga wa mbao uliochanganyika na oili umeganda kama ugali kwenye mfereji wa baa, na kale katundu kadogo kanakopitisha oili kuingia kwenye baa kamezibwa. Kwangua mfereji kwa kipande cha bati chembamba, zibua tundu kwa waya, pangusa pale oili inapotokea kwenye mwili wa pawa. Ukirudisha baa, igeuze juu iwe chini ili isilike upande mmoja. Rudia kipimo cha katoni.

Na kama umenunua baa ya mtumba, linganisha matundu. Baa inaweza kuingia vizuri kwenye bolti na bado tundu lake lisikutane na njia ya oili. Hilo huwezi kulitibu kwa kusafisha.

Bado hakuna mstari? Mwaga oili ya tangi kwenye chombo, uangalie rangi. Hapa nitawakera wengine. Oili chafu iliyotolewa kwenye gari ni ya bure au karibu bure, najua, na kibarua chenyewe ni kidogo. Lakini imejaa masizi na chembe za chuma, zinaziba filta ndani ya tangi na kula pampu. Pia haishiki kwenye cheni. Inarushwa usoni na mikononi mwako, na oili ya injini iliyotumika ina kemikali zinazoweza kuleta saratani ya ngozi. Inayobaki inanyeshewa na kuingia Mto Motoine, kisha Bwawa la Nairobi. Ukikosa oili ya cheni siku moja, afadhali mafuta ya kupikia, ila yatoe jioni, maana yakikaa yanaganda kama gundi.

Safisha filta hiyo. Tazama kama mpira wa oili umepasuka, na kama tundu la hewa la tangi limeziba. Lisipopumua, oili haitoki. Pawa nyingine zina skrubu ya kupunguza na kuongeza oili, huenda kuna mtu aliifunga.

Ukifika hapo bila mafanikio, imebaki pampu au gia yake. Mpelekee fundi. Usiwashe pawa ikiwa haina kifuniko ili uchungulie; klachi inaweza kufyatuka.

Ndiyo, fundi ameniguta: nimesahau kibali. Mti wa mjini haukatwi bila kibali cha kaunti, hata ukiwa kwenye ploti yako. Mwombe mwenye nyumba akuonyeshe kabla hujapanda.

Katoni ziko hapa mbele. Waliokuja na pawa wazilete moja moja, na watoto wale karibu na ukuta tafadhali warudi nyuma kidogo.